Kifua cha Chuma cha Jirani

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili mwezi wa nane. Upepo tangu alfajiri, ule wa mwezi wa nane unaorusha mifuko ya plastiki mpaka inanasa kwenye nyaya za umeme. Jua lilikuwapo, ila la kutazama tu, halikuwa la kuota.

Asubuhi nilikwenda Westville, mtaa wa wenye nazo hapa Durban, kumsuka bibi harusi nyumbani kwao. Nilipomaliza, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikashuka kwa miguu kutafuta taksi, maana kule karibu kila mtu ana gari, wanaotembea ni sisi tunaokwenda kufanya kazi kwao. Nilipofika kwenye uwanja wa shule moja nikasikia chuma kinapigwa na chuma. Mlio mfupi, mkavu, halafu mwingine. Nilisimama kabla sijajua kwa nini nimesimama.

Kulikuwa na sherehe. Mahema, watoto, harufu ya nyama choma, na katikati wanaume waliovaa chuma mwili mzima kama askari wa zamani wa Ulaya, wanapigana kwa panga butu huku wenzao wanacheka. Mtoto mmoja alimuuliza mwanamume aliyekuwa amevua kofia yake ya chuma, jasho linamchuruzika, kama vitu hivi vilifanya kazi kweli au mtu alikuwa anakufa tu ndani yake. Yule bwana alipiga goti akaanza kumweleza kwa upole. Mimi niliyatazama yale mabati, nikitafuta kama ningetambua mkono wa Papa, baba yangu, kwenye mojawapo. Sikutambua. Pengine hakuna lililokuwa lake, pengine ni macho yangu yamesahau.

Ningeondoka nikaendelea na siku yangu, lakini wiki hii tumepata habari kwamba Mama Jirani amefariki huko ng'ambo alikohamia. Kwa hiyo nimefika hapa nyumbani Sydenham, nimevua viatu, nimeketi. Wewe unayesoma, kaa nami kidogo. Kuandika sikujui sana, shule niliiacha mapema, na katika haya mengine nilikuwa mdogo, naweza kuyakosea. Nitasema nilichokiona. Nisichokiona nitasema sikukiona.

Tulikuwa tunakaa Point, kwenye jengo refu la zamani karibu na bandari, lenye lifti iliyokufa kabla sisi hatujafika. Chumba kimoja, pazia la kitenge katikati: upande huu kitanda cha Papa na Mama, upande ule godoro langu, masufuria na begi la unga. Asubuhi nilikuwa naamshwa na honi za meli. Jioni korido nzima ilinuka vitunguu, mafuta ya mawese na samaki wadogo wa kukaanga, kwa sababu kila mlango ulikuwa na jiko lake na kila jiko na nchi yake. Ng'ambo ya korido walikaa Jirani na mkewe, huyo Mama Jirani, Warundi. Samaki wale sisi tuliwaita sambaza, wao ndagala, na Jirani alikuwa anakuja na sahani yake kwetu akisema, "Nimekuja kuona kama sambaza yenu imejifunza kupikwa." Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Kila alipotoka kazini aliniletea karanga kwenye karatasi iliyosokotwa, na kama hakuwa na karanga alinisokotea karatasi tupu, ananipa kwa heshima zote, tunacheka.

Papa na Jirani walikuwa walinzi. Walilinda maegesho ya magari nyuma ya maghala ya zamani, kuanzia jioni. Kampuni iliwapa koti lenye mistari ya kung'aa na kirungu. Basi.

Lakini kule kwetu Bukavu, Kongo, Papa alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, mbabula za makaa, mifereji ya paa. Siku moja pale maegeshoni kuna bwana wa Westville, mwalimu wa chuo, aliyefungua buti ya gari, na ndani kulikuwa na bati la kifua limebonyea vibaya. Alikuwa mmoja wa hao wanaocheza vita vya zamani siku za Jumamosi. Papa alimwambia kwa Kiingereza chake cha wakati ule, "Give me, I make." Akalibeba nyumbani, akalirudisha limenyooka.

Kuanzia hapo Jumamosi zake zikawa za chuma. Kazi aliifanyia juu ya paa la jengo, kwenye kamba za kuanikia nguo. Alikuwa na kigogo chenye shimo katikati, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, nyundo za vichwa vya mviringo na mkasi mkubwa wa bati. Mama alilalamika kwamba mashuka yake yanaanikwa katikati ya vita. Watu wa chini walipiga dari kwa ufagio. Mimi nilipenda. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nasikia nyundo ikibadilisha sauti kadiri bati linavyopinda, mwanzo kama mlango unaobamizwa, mwisho kama kengele ndogo ya kanisa la mbali.

Bati la kwanza alilotengeneza mwenyewe lilikuwa sanduku. Sina namna nyingine ya kulisema. Lilikuwa bapa mbele, bapa pembeni, kona zimekunjwa na kuimarishwa kama sanduku la mwanafunzi, zuri kabisa, hata maji yasingeingia. Yule bwana wa Westville alilivaa, akajaribu kuvuta pumzi, uso ukawa mwekundu. Niseme kwa haki, hakucheka. Alikaa na Papa sakafuni, akamwonyesha picha, wakagongana kwenye mbavu kama wavulana. Jirani ndiye aliyecheka.

"Fundi! Umemtia mzungu wa watu ndani ya valizi! Bado kufuli!"

"Nyamaza, Murundi. Sanduku haipumui, mi nilijuaje mtu atapumua?"

Akajifunza. Kifua kinatakiwa kiwe na kilima mbele, ili mbavu zipate nafasi ya kujaa. Na kilima hicho hicho ndicho kinacholinda, kwa sababu kisu kikikuta uwanja kinasimama kutafuta njia, kikikuta kilima kinateleza. Hayo alikuwa anayasema kila mara, mpaka Mama akimkuta mtu anamzungushia maneno alisema, "Huyu nimemwekea kilima." Na uzito usining'inie mabegani, chuma kibane kiunoni, kikalie nyonga. Mama alimwambia hilo hahitaji picha za mzungu kulijua. Wanawake wa kwetu wanaobeba viroba kwa mkanda wa kichwa wangemwambia zamani kwamba mzigo ukishika mahali pake unakuwa nusu.

Halafu mlinzi mwenzao akachomwa kisu, akalazwa muda mrefu. Papa hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata alijitengenezea kifua chake, chembamba cha kuvaliwa chini ya koti.

Jirani alifanya sherehe. "Sasa ukianguka usiku, sisi tutajua. Tutasikia sufuria."

"Weye cheka."

"Mi nacheka, ndiyo. Mi silaha yangu miguu. Kwetu waliokimbia ndio wako hai. Hawa waliosimama…" Akapuliza kiganja chake kama anapeperusha vumbi.

"Na mi mdogo wangu alikimbia," Papa akasema. "Risasi haikuwa na haraka. Ilimfuata tu."

Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, au nilijifanya nimelala. Mpaka leo siwezi kusema nani alikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa anasema alichokiona.

Na kifua kile, jamani, kilikuwa taabu. Nisikifanye kitu cha ajabu kwa sababu Papa alikitengeneza. Durban mwezi wa kwanza hata shati ni adui. Papa alirudi asubuhi na upele mgongoni kama ramani. Kuinama kufunga kiatu hakuweza. Mikanda ilifungwa mgongoni, kama nguo ya mtoto mchanga, kwa hiyo peke yako hukivai. Lazima mtu akufunge. Na hewa ya Point ina chumvi: chuma ukikiacha usiku mmoja bila mafuta, asubuhi ukingo umeota wekundu wa kutu. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Jivu kwanza, kusugua, halafu tone la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, kupaka polepole ukingoni kote, shingoni, kwapani, kiunoni. Mama akilia na chupa yake: "Hiki chuma kinakula kuliko watoto wa watu!"

Na kanisani! Jumapili walinzi walikuja moja kwa moja kutoka kazini. Papa alipopiga magoti, kifua kikagonga benchi, go! Pasta alikatika katikati ya maombi, akafungua jicho moja. Jirani akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka mlangoni, "Amina, dirii ya haki imefika."

Lakini kilifanya kazi. Asubuhi moja Papa alirudi kabla ya wakati, akavua koti, akamwita Jirani. Koti lilikuwa limetoboka upande wa moyo. Kwenye kifua palikuwa na mstari mmoja mwembamba, kama mkwaruzo wa ukucha, umeanzia katikati ukateleza kwenda pembeni. Jirani alipitisha kidole pale, akarudia, akarudia. Hakufanya mzaha. Akasema, "Eish." Halafu akasema, "Fundi, na mimi unipime."

Kumpima ilikuwa kazi. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, mfupa uliovunjika wakati wa kukimbia kwao ukaunga wenyewe. Papa angeweza kupiga bati la kawaida, lakini hakutaka. Alilipiga kwa kufuata bega lile, alimvalisha, akamvua, akapiga tena, wiki baada ya wiki. Kilipokamilika ukikiweka juu ya kiti ulimwona Jirani amekaa, ameinamisha bega lake, anangoja kukutania. Papa hakuwahi kujisifu, lakini kile alikuwa anavuka korido kukiangalia bila sababu.

Basi kila jioni ikawa hivi: milango miwili imefunguka, Mama anamfunga Papa huku, Mama Jirani anamfunga mumewe kule. Wanaume wamesimama wameinua mikono kama watoto wanaovuliwa shati. Mama Jirani alikuwa mwanamke mkimya, mfupi, msusi kwenye saluni ya mjini. Alikuwa akimaliza mkanda wa mwisho anapiga bati mara moja kwa kiganja, mumewe anasema, "Nani?" naye anasema, "Mwenye nyumba." Kila jioni. Hakuna aliyechoka kucheka.

Sasa naingia mahali pagumu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, wakati saluni zinajaa. Mteja wa mwisho wa Mama Jirani alitaka nywele ndogo ndogo za kufika kiunoni, naye hakuweza kumwacha nusu kichwa. Mama na mimi tulikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Papa zamu yake ilikuwa imeanza mapema. Jirani alingoja. Watu wa korido walisema hakutaka kufungwa na mwingine, alisimama mlangoni na kifua mikononi, anatazama ngazi, halafu akakirudisha kwenye msumari wake akaenda. Mlinzi akichelewa anakatwa, na aliyemngoja kumpokea naye ana nyumba.

Wezi walikuja kwa ajili ya gari, si kwa ajili yake. Walimchoma mara moja tu. Papa alikuwa upande mwingine wa maghala, na alipofika hapakuwa na la kufanya.

Sitaki kuandika mengi hapo.

Matanga yaliwekwa kwenye korido. Viti vya watu wote vilitolewa, magodoro yakatandikwa, wanawake wakalala na Mama Jirani, nyimbo za Kirundi na za kwetu zikachanganyika, chai, mkate, chai. Yeye alikaa ameegemea ukuta chini ya ule msumari. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anasema neno moja, "Nilichelewa." Ukimpa chai, anashika kikombe mpaka kinapoa, anasema, "Nilichelewa." Baada ya mazishi ikawa ile ile. Midomo ilipasuka. Wanawake walikuwa wanamlazimisha maji kwa kijiko kama mtoto, yanatoka pembeni. Nilimsikia mmoja akimwambia Mama jikoni, "Huyu naye anaondoka. Tutarudi makaburini kabla majani hayajaota."

Papa alikuwa miongoni mwa wanaume waliomvalisha marehemu. Yeye alijua jeraha liko wapi. Sisi wengine hatukujua, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Siku ya kuondoa matanga nguo za marehemu hugawanywa. Mzee mmoja wa Kirundi alisimamia. Viatu kwa huyu, koti la suti kwa yule, kofia, mashati. Kila kitu kinainuliwa, kinatajwa, kinapokelewa kwa mikono miwili. Vilipokwisha, mtu akasema, "Na hiki?" Maana hicho pia alikivaa. Wakakishusha kutoka msumarini, wakajaribu, mwanamume mmoja baada ya mwingine, na hakikumkaa yeyote. Kwa mmoja kilimsakama shingoni, kwa mwingine bega halikuingia. Wakakiweka juu ya kiti wakasogea nyuma. Na pale kwenye kiti, machoni pa watu wote, Jirani akawa amekaa.

Mama Jirani aliinuka. Alikuwa hajainuka bila kushikwa tangu siku ile. Akaenda akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka viganja vyote viwili juu ya bati. Kisha akamgeukia Papa.

"Fundi. Nikuulize mbele ya watu, unijibu mbele ya Mungu. Ningewahi kumfunga hiki, angekuwa hai?"

Papa alikwenda akakiinua kifua. Akakigeuza upande wa kushoto, chini ya mkono, akamwonyesha pale bati linapoishia. "Shemeji, tazama. Hapa iko wazi. Lazima iwe wazi, mtu ainue mkono. Kisu ilipita hapa." Akaweka vidole vyake viwili ubavuni mwake mwenyewe, akaviweka tena kwenye ule uwazi, chini kidogo ya ukingo. "Hapa. Ungemufunga, usingemufunga, ilikuwa ipite tu. Chuma yangu haikuwa na kazi pale."

"Haikuwa na kazi?"

"Haikuwa na kazi, shemeji."

Mlinzi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye naye, kama wenzake kadhaa, alikuwa ametengenezewa kifua na Papa, akaguna. "Kumbe miezi yote tunabeba sufuria!" Mwingine akaongeza, "Na tulimwita fundi." Nilimtazama Papa. Nilitaka awajibu, awaonyeshe ule mkwaruzo wake, koti lililotoboka. Aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo. Munisamehe."

Ndipo kilio kikamtoka Mama Jirani, kile cha kweli, kinachotikisa mwili, wanawake wakamshika. Na kilipokwisha akasema, "Nipeni uji." Mama alikimbia jikoni mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani.

Mimi nilikuwa mtoto, hakuna aliyenitazama. Nikasogea kwenye kifua. Nilikuwa nimezoea kupitisha kitambaa kwenye kile cha Papa na kile cha Jirani, vyote viwili, kwa sababu Mama Jirani alikuwa anarudi amechoka. Kwapani upande wa kushoto palikuwa na ukingo uliopinda taratibu, kwa sababu ya lile bega. Kidole changu kilipajua. Siku ile kidole hakikupakuta. Uwazi ulikuwa umeshuka, mpana, kama umemegwa. Na kifua kizima kilikuwa kimeota wekundu, maana tangu msiba hakuna aliyekipaka mafuta. Kizima, isipokuwa pale. Pale palikuwa peupe, panang'aa, kama kisu kilichotoka kunolewa.

Nikatazama juu, nikakuta Papa ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Alitazama tu, halafu akaenda kuwasaidia wanaume kurudisha viti.

Nimelifikiria hili miaka yote. Nijaribu kuwa wa haki. Inawezekana alipunguza pale kabla ya msiba, kwa sababu Jirani alikuwa analalamika kwamba panamkwangua. Inawezekana mtoto anaona mng'ao mahali pasipo na mng'ao. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kuniambia. Najua tu kwamba toka siku ile walinzi waliacha vifua vyao, na jina likamshika: Fundi wa Sufuria. Wengine waliliita kwa upendo, wengine hapana. Na hili pia niliseme: kama kweli alikata, basi kwa kumponya mmoja aliwavua wengine chuma. Nadhani alilijua. Nilikuwa namsikia akiwavuta pembeni, mmoja mmoja, "Weye endelea kuvaa. Usiache." Mmoja alimsikiliza. Wale wengine, namshukuru Mungu, sikusikia kwamba wamepatwa na jambo.

Yule bwana wa Westville alikuja mara mbili tatu, akakuta paa tupu. Papa alimwambia mkono unauma. Kigogo kikabaki paani, watu wakakifanya kiti cha kukalia wakianika nguo.

Mama Jirani alianza kula, akarudi saluni, na ndiye aliyenifundisha kusuka. Kila ninachokijua kwa vidole hivi kilianzia kwake. Baadaye majina ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo yakatoka, akachukuliwa kwenda nchi ya baridi. Kifua hakikubebeka. Aliniambia nikiangalie, lakini sisi wenyewe tulitolewa kwenye jengo lile walipoanza kulikarabati, na katika kuhamahama kikaenda na wanaookota vyuma kwa mkokoteni. Sasa pale chini kuna duka la kahawa. Nilipita mara moja. Korido sijui kama bado ipo, mlinzi hakuniruhusu kupanda, na sikumlaumu, ndiyo kazi yake.

Papa alipofariki, Mama Jirani alipiga simu akalia nasi. Akasema, "Alikuwa mtu mwema. Chuma chake hakikuweza kumwokoa wangu, lakini ukweli wake uliniokoa mimi." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Kwenye matanga ya Papa mtu alisimulia habari ya Fundi wa Sufuria, watu wakacheka kwa machozi. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Sasa Mama Jirani naye ameondoka, hakuna wa kuumia. Ningeweza kesho kanisani kusimama niseme, jamani, chuma cha Papa kilikuwa kizuri. Lakini nimeanza kuwahesabu waliokuwa kwenye korido ile na sikufika mbali. Mmoja yuko Canada, mwingine amerudi kwao, wengine wako makaburini Stellawood, wamelala. Waliobaki kanisani ni vijana wapya. Watauliza, Papa yupi?

Niliacha kuandika hapo. Jioni nilimkuta Mama jikoni anaparua magamba ya samaki. Nikamwambia, sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Mama. Kile kifua cha Jirani. Papa alikikata?"

Hakuinua kichwa. Kisu kiliendelea, kra, kra, kutoka mkiani kwenda juu.

"Weye ulizani nani alikuwa anamushikia?"

Nikakaa kwenye kiti.

"Tulipanda paani asubuhi ya kuondoa matanga, wakati watu wanaleta maji na yeye wamemupeleka kuoga," akasema. "Nilishika huku, yeye anakata huku. Mkasi ilikuwa inamushinda. Mi nikamwambia, kata, Papa, yule mwanamke anakufa. Akakata."

"Kwa hiyo kingemwokoa."

"Papa yako alisema hajui. Bati ilikuwa inafika pale, hiyo ni kweli. Lakini mwenye kisu angeweza kutafuta shingo. Nani anajua?" Akamgeuza samaki upande wa pili. "Alilia, unajua? Mi nilifikiri analilia Jirani. Akasema, hii ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizotengeneza."

Nilisonga bugali, yeye akakaanga.

Tumekula bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyobaki jana, na yule samaki. Mama alinipa kichwa. Zamani kilikuwa cha Papa.